Masikio na Mashine: Habari za Kale za Santuri

Watu wengi wa kwetu Nambis wakisikia muziki katika redio mbovu husema muziki ni mbaya. Na wakisikia wimbo hafifu katika spika kubwa husema wimbo ni mzuri. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji jinsi mashine za sauti zilivyoanza, ili kila mtu apate kupambanua ipi ni kazi ya mwimbaji na ipi ni kazi ya chombo.

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha. Miaka kumi baadaye Emile Berliner akabuni sahani bapa, ndiyo mama wa santuri. Katika kunasa sauti hapakuwa na umeme hata kidogo. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe pana, sauti yake ikatikisa utando mwembamba, utando ukatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika nta. Fikirini, wenzetu: ni mtikisiko wa hewa tu uliofanya kazi yote! Sikio la kijana husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Pembe ile ilishika tangu 250 hivi hata 2,500 tu. Sauti ya mwanamume aimbaye kwa nguvu ilinaswa vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa mno kwa sahani alizoimba Enrico Caruso wa Italia tangu mwaka 1902. Lakini fidla ilisikika kwa shida. Ikawa mara nyingi hutumiwa fidla ya Stroh, yenye pembe ya chuma mahali pa sanduku la mti, na badala ya fidla kubwa ya sauti nene wakaweka tarumbeta kubwa. Mwaka 1913 Arthur Nikisch aliwaongoza wapiga muziki wa Berlin katika Simfoni ya Tano ya Beethoven, kazi ya nusu saa hivi. Ikakatwa vipande 8. Msikilizaji hakukaa dakika tano bila kuinuka. Twaustaajabia uvumilivu wake.

Mwaka 1925 kampuni kubwa zikaiacha pembe, zikaanza kutumia maikrofoni na umeme. Faida yake iliifikia pwani yetu upesi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, Bara Hindi, akaimbia kampuni ya santuri yenye picha ya mbwa asikilizaye sauti ya bwana wake. Wako wasemao kuwa muziki wa kitaalamu ni wa Ulaya peke yake. Hatukubali. Taarabu ina kanuni zake, ina udi na fidla, na hutaka sikio lililofunzwa sawasawa na Beethoven. Lau Siti angalikwenda Bombay miaka mitano kabla, nyuzi nene za udi zingalififia nyuma ya sauti yake.

Walakini santuri zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu mbele ya watu huendelea kadiri wapendavyo wasikilizaji. Beti hurudiwa, watu wakainuka kutunza. Katika santuri ilikuwa lazima kukata. Basi chombo kilihifadhi sauti, kikapunguza wimbo. Hata hivyo watu wa Unguja walikusanyika penye kahawa kuisikiliza, sindano ikikwaruza kama mafuta yanayokaangwa, wakafurahi sana, kwa maana waliyajua maneno na mambo yaliyoimbwa. Masikio yao yaliongeza yaliyopungua.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya mizunguko 33 na theluthi, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande, na simfoni ikapumua. Mwaka 1951 Dar es Salaam ikaanza kutangaza kwa redio. Kisha zikaja kaseti, na tangu 1982 sahani ndogo zisomwazo kwa mwanga; sasa twabeba simu. Simu hunasa sauti vizuri kupita mashine zote za Edison, lakini spika yake ni ndogo kama kifungo, na sauti nene hutaka kusukuma hewa nyingi. Kwa hiyo ngoma husikika kama mtu agongaye kibati.

Neno hili latuhusu sisi Wairaqw kwa sababu ya slufay. Mzee husema, na watu humwitikia. Pasipo itikio hakuna slufay. Tumesikiliza slufay kadhaa zilizonaswa na vijana kwa simu: sauti ya mzee yasikika wazi, nao watu wamekuwa kama upepo wa mbali. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alikwenda kusini mwa nchi yetu na mashine ya nta, akanasa nyimbo za watu wa huko. Nyimbo zile zimehifadhiwa Berlin hata leo, wakati waimbaji wote wamekwisha kufa. Nta haikumpa nafasi ya kuchagua mengi. Kijana wa Nambis anayo nafasi: simu na iwekwe katikati, baina ya mzee na waitikiaji, mbali na moto na mlango, wala isizimwe mpaka itikio la mwisho limekwisha.