Mkataba Unaisha, Pikipiki Imechoka: Historia ya Vyuma Vilivyogoma Kufa Mbulu na Hanang

Nenda Haydom, Dongobesh au Katesh siku ya mnada, halafu angalia pikipiki zilizopaki. Nyingi hazina saitimira, tenki limepauka, siti imeshonwa mara tatu. Ila zinapiga kazi. Mchana zinabeba mahindi, mbuzi na wanafunzi. Usiku zinabeba mama mjamzito kwenda hospitali.

Mtu wa mjini akiona hivyo anasema huo ni umaskini. Kumbe nyuma ya vyuma hivyo kuna historia ya nusu karne, na ukiijua utaelewa kwa nini pikipiki moja inadumu miaka kumi na nyingine inauzwa vyuma chakavu baada ya miwili.

Chombo cha bwana shamba

Zamani pikipiki huku haikuwa ya kijana wa kijiweni. Ilikuwa ya bwana shamba, bwana mifugo, padri au mtu wa mradi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955, na kwa miaka mingi wagonjwa wa vijijini walifika kwa miguu, kwa kubebwa au kwa kudandia lori. Huko Hanang, uwanda wa Basotu ulijaa matrekta ya mashamba ya ngano yaliyosaidiwa na Kanada. Mashine zilikuwepo, ila si za mwananchi wa kawaida.

Pikipiki ya wakati ule ilikuwa ya Kijapani, ya ofisi, na ikiharibika spea zilitoka ofisini. Mwenye nayo hakuwa na presha, maana mshahara wake ulikuja hata kama chombo kimelala.

Injini ya watu wasiobadilisha oili

Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitoa pikipiki inayoitwa CG125. Wahandisi wake walijua kwamba kwenye nchi nyingi pikipiki haikuwa ya matembezi. Ilikuwa punda. Inapakiwa kupita kiasi, oili haibadilishwi, na filta ya hewa haiguswi mpaka izibe.

Basi wakatengeneza injini ya kuvumilia hayo. Badala ya cheni ya ndani inayozungusha kamshafti kule juu ya injini, wakaishusha kamshafti chini na kuweka fito mbili za chuma zinazosukuma valvu. Hakuna cheni ya ndani ya kulegea, na kamshafti iko chini karibu na oili. Mwaka 1976 Honda walianza kuiunda Brazili pia, kwenye kiwanda cha Manaus.

Baadaye viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa wingi. Hivyo zile SanLG, Toyo na Fekon zilizojaa Tanzania miaka ya 2000, nyingi ni wajukuu wa CG125. Boxer ni ukoo mwingine, yenyewe ina cheni ya ndani. Ndo maana fundi mzoefu, kabla hajashika spana, anauliza kwanza ni pikipiki gani. Kelele ya juu kwenye Boxer inaweza kuwa cheni imelegea. Kwenye mjukuu wa CG, anawaza tapeti kwanza.

Inakuwa yako ikiwa imezeeka

Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Bodaboda ikawa ajira inayotambulika, na kijana asiye na shamba wala ng'ombe akapata pa kuanzia. Lakini wengi hawakuwa na hela ya kununua, ndipo ukashika kasi mkataba: bosi ananunua, dereva anapeleka hesabu kwa mwaka mmoja na zaidi, halafu chombo kinakuwa chake.

Sasa piga hesabu. Dereva akienda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilomita 30,000. Kwenye mawe, vumbi na miinuko. Yaani siku anayokabidhiwa kadi, anakabidhiwa mzee. Miezi yote aliyoahirisha oili ili hesabu itimie, alikuwa anaiharibu pikipiki yake mwenyewe.

Na oili kwenye injini hii si ya kuahirisha. Mjukuu wa CG hana filta ya oili ya karatasi ya kubadilisha kama gari. Ana chujio la waya na kikombe kinachozunguka kutupa uchafu pembeni. Oili yenyewe ni lita moja hivi tu. Ikichafuka, pistoni, gia na klachi vyote vinakunywa uchafu uleule.

Milima inavyodanganya

Mbulu mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyosetiwa Dar ikipanda huku inapata petroli ileile na hewa pungufu, kwa hiyo inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi.

Dereva akiona plagi nyeusi anaambiwa ringi zimeisha, fungua injini. Subiri kwanza. Masizi makavu maana yake petroli imezidi au filta imeziba: safisha filta, shusha sindano ya kabureta tundu moja, jaribu tena. Plagi iliyolowa oili, pamoja na moshi wa bluu, hiyo ndo ya kuwaza ringi au sili za valvu.

Kabla hujasema injini imekufa

Fundi wa kweli anafuata mstari. Kwanza petroli: fungua skrubu ya chini ya kabureta, je inatoka safi au ina maji na kutu? Pili moto: chomoa plagi, iweke kwenye kava yake, igusishe kwenye bodi ya injini mbali na tundu, piga kiki. Cheche iwe ya bluu na yenye nguvu. Tatu kompresheni: ziba tundu la plagi kwa kidole, piga kiki. Kidole kisiposukumwa, kuna tatizo.

Hata hapo bado hujafika mwisho. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, jaribu tena. Nguvu ikirudi, ringi zimechoka. Isiporudi, angalia valvu. Mara nyingine ni tapeti tu zimebana. CG125 inataka nafasi ya 0.08 ya milimita, injini ikiwa baridi. Tapeti zikibana valvu hazifungi vizuri: injini inakuwa kimya, tamu kuisikiliza, ila haina nguvu na valvu zinaungua taratibu. Tapeti inayolia kidogo ni nafuu kuliko iliyobana.

Hiyo ni kazi ya spana chache na dakika chache. Kuna vijana wameuza pikipiki kwa bei ya kutupa kwa sababu ya hiyo nafasi ya unywele.

Hapa ndo kuna roho

Injini ikizima, unasukuma. Breki zikigoma kwenye mteremko wa Magara, hakuna cha kusukuma. Wengine wakishuka wanaweka fri ili kuokoa petroli. Kwenye pikipiki ya zamani yenye breki za shuu, breki zinapata moto na kukosa nguvu, na nyuma kuna abiria wawili. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika. Cheni iliyolegea nayo ni kifo: ikiruka, inaweza kufunga tairi la nyuma.

Wafugaji wa Hanang hawasubiri ng'ombe alale chini ndipo waite mganga. Chuma nacho ni hivyohivyo. Waliounda injini hii waliitengeneza ivumilie kusahauliwa kidogo. Kusahauliwa moja kwa moja haiwezi, na gharama yake anailipa yule aliyemaliza mkataba wiki iliyopita.

Chuma chako kina miaka mingapi, na oili ilibadilishwa lini? Tupia hapo chini.