Gitaa la Shirika

Hapa Vingunguti, jirani na viwanda vya Barabara ya Pugu ambayo sasa inaitwa ya Nyerere, ukikaa kijiweni utasikia vijana wakilalamika eti serikali haijawahi kutoa hela kwa sanaa. Mimi nasema ilitoa, ila haikuziita hela za sanaa.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Jina kubwa, lakini mwanamuziki wa Dar alikula kwingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara. Wengine wakafuata: kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, hata UDA la mabasi likawa na bendi. Nani alilipia gitaa? Mnunuzi wa kitambaa, mkata bima na abiria wa basi.

Raha hiyo ilikuwa na bei yake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu. Na ukila mshahara wa bosi, sio rahisi kumtungia wimbo wa kumsema.

Kisha mambo yakaenda kombo. Vita vya Kagera vya 1978-79 na uhaba wa fedha za kigeni viliyumbisha uchumi. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha Duniani, na miaka ya 90 mashirika yakaanza kuuzwa. Hakikuhitajika kikao cha Bunge cha kupunguza bajeti ya muziki. Shirika likiyumba, bendi nayo inayumba. BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984, lilisajili wasanii, lakini kusajili sio kulipa mshahara.

Bendi ya NUTA ilinusurika. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwisho ikasimama yenyewe kama Msondo Ngoma, ikiishi kwa kiingilio cha mlangoni.

Leo upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii. Ni hatua. Lakini mkopo hurudishwa, na kijana wa Vingunguti mwenye daftari la mashairi ataweka dhamana gani?

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tukidai, tudai fungu lenye jina letu ndani ya kitabu cha bajeti, ili siku likikatwa tujue nani kakata.