Jinsi seva ya nyumbani ilivyohama kutoka Windows hadi Linux

Mwezi uliopita nilikaa jioni tatu kwa jirani yangu tukihamisha picha. Ana tarakilishi ya zamani chini ya meza ya runinga, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikigawia nyumba nzima picha, muziki na faili za kazi. Haiwezi kubeba Windows 11, na muda wa kawaida wa msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Nikamwambia tuweke Linux. Swali lake la kwanza halikuhusu bei wala usalama. Aliniuliza, "Na mama watoto bado ataona picha zake akiwa kwa ile Windows yake?"

Nilimjibu ndiyo, kisha nikaanza kumsimulia, maana swali hilo hilo ndilo lililoanzisha mambo haya yote.

Kabla sijaendelea, seva ya nyumbani si dude kubwa. Ni kompyuta yoyote inayoachwa ikiwaka ili wengine wachukue faili kwake. Windows zimekuwa zikigawana faili kwa itifaki iitwayo SMB, iliyoanzia IBM miaka ya 1980 na baadaye Microsoft wakaikuza. Kompyuta isiyojua SMB, kwa Windows ni kama haipo.

Desemba 1991, mwanafunzi wa uzamifu mjini Canberra, Australia, jina lake Andrew Tridgell, alitaka kuunganisha PC yake na mashine ya Unix. Programu aliyotaka kuitumia ilikuwa ya kampuni ya Digital, na itifaki yake hakuwa na maelezo yake. Akafanya nini? Alisikiliza. Alinasa data iliyokuwa ikipita kwenye waya, akatazama PC inauliza nini na seva inajibu nini, kisha akaandika programu yake itoe majibu hayo hayo. Mfikirie mgeni asiyejua Kiswahili anayeketi sokoni Kongowea kutwa nzima. Mtu akisema neno fulani anapewa nyanya, akisema jingine anarudishiwa chenji. Baada ya wiki moja anaweza kujinunulia mboga, ingawa hakufundishwa sarufi na mtu yeyote.

Tridgell alitoa programu hiyo Januari 1992, halafu akaisahau. Karibu miaka miwili baadaye alitaka kuunganisha kompyuta ya mkewe, yenye Windows, na kompyuta yake ya Linux pale nyumbani. Akajaribu ule msimbo wake wa zamani, na ukafanya kazi! Hapo ndipo alipogundua kwamba itifaki aliyoichungulia ilikuwa SMB ile ile ya Windows. Kwa hivyo, jirani yangu hakuwa wa kwanza kuuliza kuhusu mama watoto.

Jina la kwanza, smbserver, ilibidi liachwe mwaka wa 1994 kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa na haki nalo. Tridgell aliiambia kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Kati ya yaliyotokea kulikuwa na "samba". (Sisi tungempa "simba" bila kutafuta.)

Hapa ndipo leseni zinapoingia. Windows XP Professional ya mwaka wa 2001 iliruhusu kompyuta 10 tu kuunganishwa nayo kwa wakati mmoja, na XP Home 5. Ukitaka zaidi, ununue Windows ya seva pamoja na leseni ya kila mteja. Kwa nyumba ya watu wanne hilo si tatizo, lakini kwa cyber au ofisi ndogo ya mtaani ilikuwa ama ulipe, ama utumie nakala ya wizi, ama ujaribu Linux yenye Samba ambayo haikuwa na kikomo kama hicho. Ila kupakua CD nzima ya Linux kwa modemu ya simu ilikuwa ndoto, maana nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009 tu. Ndiyo maana watu walipenda Ubuntu. Ulijaza fomu, ukasubiri wiki kadhaa, CD zikaja posta bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa mwaka wa 2011.

Kulikuwa na shimo jingine njiani, na wengi tuliangukia humo. Diski za Windows zimepangwa kwa NTFS. Kwa miaka mingi Linux iliweza kuisoma NTFS, lakini kuiandikia ilikuwa bahati nasibu. Mtu alilazimika kupitishia faili kwenye diski ya FAT32, ambayo haipokei faili ya GB 4 kwenda juu. Video ya harusi ikatwe vipande! Februari 2007 ilitoka NTFS-3G 1.0 ya Szabolcs Szakacsits, na kuandika kukawa salama. Ilinichelewa. Mwaka wa 2006 nilifuta sehemu isiyofaa ya diski, usiku, kwa mikono yangu mwenyewe, na kazi zangu zote za chuo zikaenda. Tangu siku hiyo sifuti diski kabla sijahesabu faili upande wa pili.

Mwaka huo huo wa 2007 Microsoft nao waliingia sebuleni. Bill Gates alitangaza Windows Home Server mwezi wa Januari, na kusema kweli ilikuwa kitu kizuri. Ilikuwa na Drive Extender, iliyounganisha diski za ukubwa tofauti zikaonekana moja, na folda uliyoichagua ikawekwa nakala kwenye diski mbili. Desemba ikajulikana kwamba mashine zenye diski zaidi ya moja zinaweza kuharibu faili ukizihariri moja kwa moja kwenye seva, na programu za kupanga picha zilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Marekebisho kamili yalikuja Julai 2008. Hitilafu hutokea popote, hilo sikasiriki nalo. Lililoniudhi ni la Novemba 2010, Microsoft walipotangaza kwamba toleo la 2011 halitakuwa na Drive Extender kabisa. Watu walikuwa wamepanga maisha yao ya kidijitali juu ya kitu hicho. Julai 2012 bidhaa yenyewe ikatangazwa kufa. Baadhi ya waliokuwa nayo walihamia Linux au mifumo mingine huria, na sidhani walisukumwa na falsafa ya programu huria. Walihama kwa sababu walichokitegemea kiliondolewa.

Wakati huo Samba ilikuwa imeacha kuchungulia. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiagiza itoe maelezo ya namna seva zake zinavyozungumza. Microsoft walikata rufaa, wakashindwa Septemba 2007. Desemba mwaka huo, kwa ada ya mara moja ya yuro 10,000, watu wa Samba wakapata nyaraka. Yule mgeni wa Kongowea hatimaye alipewa kamusi. Samba 4.0 ya Desemba 2012 iliweza hata kusimamia mtandao mzima wa Windows kama seva ya Active Directory.

Msidhani Linux ni malaika. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye SMB1 ya Windows, na mwezi huo huo likafichuliwa tundu ndani ya Samba lililokuwepo tangu toleo la 3.5 la mwaka wa 2010. Siku hizi SMB1 huja ikiwa imezimwa pande zote mbili, kwa hivyo ile printa ya zamani inayohifadhi skani kwenye seva inaweza kukataa. Ya jirani ilikataa.

Tulinakili kwa rsync, ambayo pia ilianzishwa na huyo huyo Tridgell mwaka wa 1996. Stima ilipotea mara mbili, na kila iliporudi rsync iliruka faili zilizokwisha kufika. Jioni ya tatu tukahesabu faili pande zote, zikalingana. Mama watoto akafungua Windows yake, akaingia kwenye folda ya picha za marehemu mamake, akazitazama kidogo, kisha akatuuliza tutaanza lini hiyo kazi ya kuhamisha.

Diski ya zamani iko kabatini. Nimemkataza jirani kuifuta hadi Desemba.