Sehemu ya 4: Mshahara unaanzia skuli

Mama mwenzangu, ukifika Mbweni yaangalie yale magofu karibu na ufukwe. Ilikuwa skuli ya wasichana, St Mary's, ya wamisionari wa UMCA walionunua shamba lile mwaka 1871. Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 akaja Bibi Caroline Thackeray kuiongoza.

Walioonekana hodari wa kusoma walifundishwa ualimu. Wengine wakapelekwa kazi za mikono: kushona, kupika, kufua. Skuli moja, lakini riziki zikaachana mapema, tena kwa uamuzi wa mtu mwengine.

Sasa njoo wodini kwetu. Wauguzi wawili, zamu moja, mwenye cheti na mwenye shahada hawaanzi na mshahara mmoja. Miaka ya kazi nayo inahesabiwa. Lakini nani anaweza kurudi chuo akiwa na mtoto mchanga? Mara nyingi ni yule mwenye wa kumshikia mtoto nyumbani.

Basi mwanao wa kike usimwambie "huna kichwa wewe". Na wewe baba, mkeo akitaka kusoma, mpokee mtoto.