Bibi wa Skagen na Historia ya Wavuvi

Mwaka 1879 mchoraji wa Norway, Christian Krohg, alifika Skagen, mji mdogo wa wavuvi kaskazini kabisa mwa Denmark. Bandari haikuwapo hadi 1907. Mashua zilivutwa mchangani. Huko alimchora Ane Gaihede, bibi wa familia ya wavuvi, akikata mkate. Hakumremba wala hakumfanya wa kuhurumiwa. Alimwonyesha kazini, na jina lake tunalo hadi leo.

Kwetu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, picha hii ina funzo. Neno “mvuvi” halibagui mume na mke, lakini tulisikiapo huwaza mwanamume aliye baharini. Kazi ya nyumbani iliyowalisha wavuvi nayo ni historia ya uvuvi. Tusipoiandika, historia hiyo itabaki nusu.