Maji Yakivuja, Nani Atalipa?

Fahali wawili hawakai zizi moja, na umeme na maji ni fahali wa namna hiyo. Mama akikuona unagusa swichi kwa mikono iliyolowa, anapiga ukelele. Sasa mbona kuna watu wanaotoa fedha nyingi, tena kwa hiari yao, kununua kompyuta ya kuchezea gemu ambayo ndani yake maji yanazunguka, vidole viwili tu kutoka kwenye umeme? Na hawaiundi wenyewe. Wanampa oda fundi aliye mji mwingine, yeye anaiunga, anaijaza maji, anaifunga kwenye sanduku na kuituma.

Jibu la haraka ni kwamba maji hupoza kuliko hewa. Ni kweli, lakini halitoshi. Ukiifuata historia ya mashine hizi utaona swali moja linajirudia: maji yakivuja, nani atalipa? Kila aliyeuza kompyuta ya maji, kuanzia kampuni kubwa la New York hadi vijana wa Miami, alilijibu kwa namna yake, na sehemu nzuri ya bei aliyotoza ilitoka humo.

Tuanze na joto lenyewe. Prosesa ni kipande kidogo, nacho hula umeme. Umeme wote unaoingia hutoka ukiwa joto. Lisipoondolewa, prosesa hupunguza mwendo yenyewe au mashine huzimika. Dereva yeyote anaijua habari hii, maana gari likichemsha unapaki pembeni utake usitake. Ndani ya kompyuta ya maji mna vitu vile vile vya chini ya boneti: pampu, mipira, rejeta na feni. Juu ya prosesa hukaa kibamba cha shaba chenye mifereji myembamba, maji yanapita humo, yanachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, feni zinalipuliza nje. Ujazo mmoja wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko ujazo huo huo wa hewa. Lakini maji hayaliui joto, yanalihamisha tu. Anayedhani kompyuta ya maji itampunguzia joto chumbani amedanganywa, kwani chumba kitapata joto lile lile.

Waliotangulia si wacheza gemu. Katika miaka ya 1960 IBM ilikuwa imekwisha kupitisha maji baridi kwenye baadhi ya kompyuta zake kubwa za System/360. Mwaka 1980 ikaja IBM 3081. Humo vipande zaidi ya 100 vilipangwa kwenye kigae kimoja; juu ya kila kimoja kilikaa kijiti cha chuma kilichosukumwa na springi, pembeni ikajazwa gesi ya helium, na juu ya yote hayo yakapita maji. Maji hayakugusa umeme hata kidogo. Wateja walikuwa mabenki, serikali, vyuo vikuu, na jengo lenyewe ilibidi liwe na mtambo wa kuleta maji baridi. Mteja wa namna hiyo hakulala macho wazi akiwaza tone la maji. Alikuwa na mkataba wa matengenezo, na bomba likivuja mhandisi wa IBM alikuja na begi lake. Hasara ilikuwa imekwisha kugawanywa kwenye karatasi kabla mashine haijafika mlangoni.

Seymour Cray alilijibu swali kwa njia nyingine kabisa. Cray-1 yake ya mwaka 1976 ilipozwa kwa freon, gesi ile ya majokofu. Alipotoa Cray-2 mwaka 1985 aliichovya mitambo yote ndani ya kimiminika kiitwacho Fluorinert, kilichotengenezwa na kampuni la 3M, ambacho hakipitishi umeme. Watu waliisimamia mashine wakiitazama kama tangi la samaki, mapovu yakipanda. Yaani Cray alisema, kama ni lazima kitu kimwagike, basi na kimwagike kile kisichounguza. Werevu mkubwa, ila kimiminika chenyewe kilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida.

Kisha maji yakapotea. Aina mpya ya transista, inayokula umeme kidogo, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, na mwaka 1994 IBM ilianza kuuza kompyuta kubwa za System/390 zilizopozwa kwa feni tu. Ungedhani mambo yamekwisha. Kumbe joto lilikuwa linahamia nyumbani kwa watu!

Aliyelialika ni kijana mwenye haraka. Mwezi wa Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Haikupita muda watu wakagundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, nyingi zilikimbia kwa megahezi 450 bila kulalamika. Nusu ya mwendo wa ziada, bure! Hapo ikazuka shauku ya kuzisukuma prosesa kupita kipimo cha kiwandani, na kadiri unavyosukuma ndivyo linavyochemka. Duka la kuuza vifaa vya maji vya kompyuta lilikuwa adimu, kwa hiyo vijana wa Marekani na Ulaya wakaenda kwenye magari yaliyokufa. Kirejeta kidogo cha hita ya gari la Pontiac Bonneville la mwaka 1977 kilipata sifa kubwa miongoni mwao, maana kilikuwa na ukubwa unaofaa. Pampu walichukua ya tangi la samaki, na ile ya Eheim ya Ujerumani ilipendwa kuliko zote. Kibamba cha shaba mtu alikichonga mwenyewe gereji.

Nani alilipa maji yakivuja? Wewe mwenyewe, ndugu. Ukichanganya shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja, alumini ilianza kuliwa polepole, uchafu ukaziba mifereji, na siku moja ukaamka ukakuta dimbwi. Hapakuwa na wa kumwandikia barua. Mimi nawaheshimu watu hao kuliko wote watakaofuata, kwa sababu walijifunza kwa fedha zao.

Wakati huo huo walikuwapo wengine walioona kwamba si kila mpenda gemu ana moyo wa kutoboa sanduku la kompyuta. Kelt Reeves alianzisha Falcon Northwest mwaka 1992, kampuni lililojikita Oregon. Mwaka 1996 Nelson Gonzalez na Alex Aguila wakaanzisha Alienware huko Miami. Kule Calgary, Kanada, Rahul Sood alikuwa na Voodoo. Hawa hawakutengeneza prosesa wala kadi ya michoro. Vitu hivyo hata wewe ungeweza kuvinunua dukani. Waliuza uteuzi mzuri, mkono wa fundi, rangi ya kung'aa kama gari la mashindano, na namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Walipoanza kutia maji ndani, ile namba ya simu ndiyo ikawa bidhaa hasa. Aliyenunua alikuwa analipia ujasiri wa mtu mwingine.

Ujasiri huo una gharama, na aliyeionyesha waziwazi ni Apple. Juni 2003 Steve Jobs aliahidi hadharani kwamba ndani ya miezi 12 kompyuta ya Power Mac G5 itafika gigahezi 3. Mwaka ukapita, prosesa za IBM hazikufika huko. Juni 2004 ikatoka G5 ya gigahezi 2.5, nayo ili ifike hapo ilihitaji kupozwa kwa kimiminika. Mfumo wa kupozea ulitengenezwa na Delphi, kampuni la vipuri vya magari lililozaliwa ndani ya General Motors. Tazama jinsi rejeta ya gari inavyotufuata! Mashine ilikuwa nzuri na kimya. Shida ilijitokeza baada ya miaka: viungo vikaanza kuvuja, kimiminika kikatiririka hadi chini mlimokaa kifaa cha kusambazia umeme, kikala kila kilichogusa. Dhamana ya kawaida ilikuwa ya mwaka 1. Hapo ndipo unapoona ujanja wa maji: hayavuji siku ya kwanza duka likiwa wazi na risiti ingali mfukoni. Yanangoja.

Mwaka huo huo wa 2004 Intel nayo iligonga ukuta. Pentium 4 zake mpya zilikuwa zinakula wati zaidi ya 100, na mwezi wa Mei ikaifuta prosesa iliyokuwa imepangwa kuzirithi, iliyoitwa Tejas. Makampuni makubwa yakatambua kwamba wale vijana wenye mipira na pampu walikuwa na ujuzi wanaouhitaji. Mwaka 2006 Dell ikainunua Alienware, HP ikainunua Voodoo. Mwaka 2007 HP ikatoa Blackbird 002, mashine ya gemu iliyotoka kiwandani ikiwa na maji tayari ndani yake.

Maji hayo yalifungwa na Asetek, kampuni la Denmark lililoanzishwa na André Sloth Eriksen. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyebadilisha biashara yote, ingawa wacheza gemu wengi hawalijui jina lake. Wazo lake lilikuwa jepesi: pampu na kibamba cha shaba viwe kitu kimoja, mipira ifungwe kiwandani, maji yatiwe humo mara moja, na mnunuzi asiguse chochote. Mwaka 2009 Corsair ikaanza kuuza H50, iliyotengenezwa na Asetek, na ghafla maji yakawa kitu cha kununuliwa kwenye boksi kama feni. Hakimiliki ya wazo hilo ilipiganiwa mahakamani. Desemba 2014 baraza la wazee wa mahakama huko California liliona kwamba upande wa Cooler Master uliikiuka. Watu hawagombanii hivyo kitu kisicho na fedha.

Basi leo anayenunua kompyuta ya maji iliyokwisha kuundwa hununua moja kati ya mbili, na wauzaji wengi huziweka kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni ndugu. Kuna mzunguko uliofungwa kiwandani, ambao mara nyingi hupoza prosesa tu. Hauongezwi maji, na pampu ikifa unabadilisha kifaa kizima. Halafu kuna mzunguko wa kuundwa kwa mkono, wenye mabomba magumu ya kung'aa, maji ya rangi, na kadi ya michoro nayo ikiwa imevalishwa kibamba chake. Huu wa pili ndio unaopigwa picha. Ndio pia unaotaka kumwagwa na kujazwa upya kila baada ya mwaka hivi, na kumpata mtu wa kufanya kazi hiyo nje ya karakana ya muuzaji si mchezo. Maji ya rangi hasa yana tabia ya kuacha masimbi kwenye mifereji.

Je, yanahitajika? Kwa prosesa peke yake, mara nyingi la. Kipoza hewa kikubwa kama Noctua NH-D15 ya mwaka 2014 kinakaribiana sana na maji ya kiwandani, na hakina cha kuvuja. Penye moto kweli ni kwenye kadi ya michoro: RTX 4090 ya mwaka 2022 imepangiwa wati 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575. Hizo ni pasi ndogo ya umeme. Hapo maji yana hoja, na ndiyo maana hata vituo vikubwa vya kompyuta vimeyarudia. IBM yenyewe iliyarudisha mwaka 2008 kwenye Power 575.

Anayetoa oda aache kwanza picha asome dhamana. Aulize iwapo inahesabu vipuri tu au na kazi ya fundi pia. Mashine ikirudi, nani analipa usafiri? Maji yakiharibu kadi ya michoro, ile kadi ni ya nani? Na kama mabomba yalipimwa kwa shinikizo la hewa kabla ya kutiwa maji. Aliye nchi nyingine aulize mara mbili, maana dhamana nyingi hupungukiwa nguvu zikivuka bahari, na sanduku la kilo kadhaa kulirudisha ni mtaji mwingine.

Baada ya Dell kuichukua Alienware, baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake walianzisha Origin PC huko huko Miami mwaka 2009. Walijulikana kwa kutuma mashine zao ndani ya kreti la mbao, na unapojua kilichomo unaelewa kwa nini. Mwaka 2019 Origin ikanunuliwa na Corsair, yule yule muuzaji wa H50. Tangu hapo anayeuza kipozeo na anayeunga mashine wakawa chini ya paa moja, na yakivuja, barua ni moja tu.