Tura na Posho ya Mwalimu

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani, akiisha kulipa hongo Ugogoni na kuvuka pori la Mgunda Mkali, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi alichokiona kilikuwa Tura. Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani tua mzigo, na kwamba Waarabu walilitamka Tula. Nasi twaona tafsiri hiyo yaelekea kuwa kweli, kwa kuwa kitenzi chetu cha kutua, katika lugha nyingi za Kibantu, kingali na l yake: kutula. Naye akasema kwamba mtu akitoka mashariki au akitoka magharibi, hapo hakosi kukawia siku kadhaa. Pori lilikuwa upande mmoja na njaa ilikuwa ndani ya msafara. Wapagazi hawakuinua mizigo mpaka posho imepatikana.

Tumeanza na posho kwa kuwa ndiyo tunayotaka kuizungumza. Katika njia hii zilipita dini, na kila dini ilileta watu wa kufundisha. Wenye kuandika habari zao hutueleza sana walivyofundisha, lakini walivyokula hututajia kidogo mno. Basi sisi twataka kuuliza: katika nchi ya Tabora, ni nani aliyemfunza mwalimu wa dini, na ni nani aliyemlisha? Na yule mlishaji alipoondoka, ikawaje?

Kabla ya wageni, Wanyamwezi walikuwa na vyama vyao wenyewe. Chama cha Waswezi hakikuingiwa bure. Mwari alitoa malipo, akakaa chini ya wakubwa wa chama, akafundishwa mambo ya siri. Kisha naye akawa mkubwa kwa waliomfuata. Wayeye, mafundi wa nyoka na dawa zake, nao walikuwa na mafunzo yao. Hatusemi hayo ili kuvisifu vyama hivyo. Twasema tu kwamba habari ya mwanafunzi kutoa kitu, na ya jamaa kumtegemeza mkuu wao, haikuletwa na misheni. Ilikuwapo.

Waislamu wa Tabora walifanya vivyo hivyo kwa njia yao. Shehe Zahur bin Muhammad, mtu wa Barawa, ndiye aliyeipa nguvu tarika ya Kadiria mjini. Mtu alisoma darsa kwa shehe wake, akapewa ijaza, akaenda akafundisha kwingine, huku akiishi kwa biashara, au shamba, au sadaka za majirani. Hakungojea barua ya Ulaya.

Misheni ilianza kwa kuingojea. Mapadre Weupe walipita njia hii mwaka 1878 wakielekea kwenye maziwa makubwa, na fedha yao ilitoka kwa waamini wa Ulaya, kwa mkono wa vyama kama kile cha Kueneza Imani, kilichoanzishwa Lyon mwaka 1822, na kile cha Utoto Mtakatifu cha mwaka 1843, ambacho kiliomba senti za watoto. Senti hizo pwani ziligeuka nguo, merikani na kaniki, maana bara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Na sehemu kubwa ya nguo ikaliwa njiani kwa hongo na posho kabla mtoto mmoja hajafundishwa ishara ya msalaba. Katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, karibu na Tabora, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walilishwa, wakavikwa, wakafundishwa kwa fedha ya ng'ambo. Mwaka 1889, uadui wa mtemi Isike ulipozidi, mapadre wakaiacha Kipalapala, na kazi ile ikakoma pale.

Hata hivyo Kardinali Lavigerie alikuwa ameona mapema kwamba Mzungu peke yake hatoshi. Aliagiza mtu akae miaka minne katika mafundisho kabla ya ubatizo. Na mapadre wawili watatu, katika nchi ya mwendo wa siku nyingi, watawafundishaje watu miaka minne? Ilikuwa lazima kupata wafundishaji wa nchi yenyewe. Mwaka 1881 akafungua Malta chuo cha kuwafunza udaktari vijana waliokombolewa, ili warudi Afrika wakiwa matabibu na makatekista. Mmoja wao, Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, alifika Karema kwenye ziwa la Tanganyika mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Gharama ya kumfunza mtu kama huyo ilikuwa kubwa, na katika chuo kizima waliotoka kama yeye ni wachache. Lakini tazama alivyokaa: alioa katika jamaa za wenyeji, akazaa, na mwanawe Joseph akapata upadre. Fedha ya Ulaya ilimfunza. Watu wa Karema ndio waliomfanya wao.

Vita vya 1914 ndivyo vilivyoijaribu habari hii yote. Wamoraviani, ambao mwaka 1898 walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa misheni ya London, wengi wao walikuwa Wadachi. Wabelgiji walipoitwaa Tabora mwezi wa Septemba 1916, wamisionari hao wakaondolewa. Misaada ikakatika. Makusanyiko yao ya Unyamwezi yakabaki mikononi mwa walimu wenyeji, waliosali na watu Jumapili, wakawazika wafu na kuwafundisha watoto, pasipo mshahara na pasipo mtu wa kuwauliza hesabu. Hapo awali, siku za Wadachi, walimu Waafrika wa misheni za Kiingereza nao walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi, na baadhi yao walifungwa huku huku Tabora. Wamisionari waliporudi baada ya vita walikuta Wakristo. Sisi twaona kwamba jambo hilo halikupewa heshima yake, pengine kwa kuwa halikuandikwa katika daftari ya mapato.

Kisha ikaja fedha ya namna nyingine. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza iliwaita wakuu wa misheni Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu, na sheria yake ikatoka mwaka 1927. Misaada ilipewa shule zilizofuata mafundisho ya serikali na zenye walimu wa cheti. Kile kibanda cha nyasi ambamo katekista alifundisha sala na kusoma hakikupata kitu. Mwaka 1928 Askofu Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia maaskofu Dar es Salaam washirikiane na serikali kwa nguvu zote, na pale ambapo haiwezekani kufanya kazi zote mbili, shule zitangulizwe hata kanisa likingoja.

Shauri hilo lilikuwa na hekima yake, wala hatuthubutu kulicheka: shule hizo zililea wauguzi, makarani, mapadre na viongozi wa taifa. Lakini vijijini lilileta uchungu. Vijana wawili waliobatizwa siku moja, mmoja akapata cheti na mshahara, na mwenzake akabaki na jembe, na shilingi chache, na kengele ya Jumapili. Watu wakaanza kumwita wa kwanza "mwalimu", na yule wa pili "katekista" tu. Neno lile la heshima lilihama pamoja na fedha.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali, walimu na majengo pamoja, seminari zikaachwa. Kipalapala, mahali pale pale palipoachwa mwaka 1889, tangu mwaka 1925 palikuwa na seminari kuu. Na vijijini alibaki yule wa jembe. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuweka nguvu zao katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, za majirani wanaosali nyumbani mwao na kusaidiana kwa mikono yao, walikuwa wakilitaja jambo ambalo walimu wa Unyamwezi walilifanya mwaka 1916 kwa kukosa jingine.

Lakini hata jumuiya ina swali lile la Tura. Katekista akitoka asubuhi kwenda kuzika mtu vijiji vitatu mbele, shamba lake halilimwi siku hiyo. Pengine jirani hulimalizia mstari wake. Pengine hapana, na mwezi wa Machi magugu huonekana tangu njiani.